Mlo kamili kwa namba: mtu mzima wa kilo 60 ale gramu ngapi za nini?

Kibaba

Habari wadau. Naomba msaada wa hesabu.

Mabango ya lishe yote yanafanana: sahani imegawanywa kwa rangi, huku nafaka na mizizi, kule kunde na nyama, pembeni mboga, matunda na tone la mafuta. Chini yake pameandikwa "kula mlo kamili". Makundi nayajua, ninachokosa ni kiasi. Wali kikombe kimoja au vitatu? Yai moja linatosha au ni pambo tu?

Tuchukue mtu mzima wa kilo 60, mwenye afya, anayefanya kazi ya kawaida: si ya kubeba mizigo, wala si ya kukaa kitini kutwa. Vipimo naomba viwe vya kikombe cha mililita 250 na vijiko, maana si kila jiko lina mizani.

Nishati na protini kiasi gani kwa siku, na vinapatikanaje? Bila nyama inawezekana? Na la mwisho ndilo linalonikera zaidi: makundi yote yakishatimia mezani, kazi imeisha, au kuna kitu kinaponyoka kati ya sahani na damu?

Mizani

Mkuu, anza na namba nne. Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9. Ya nne ni kileo, 7, ambayo wanywaji huisahau. Vitamini, madini na maji havitoi nishati hata chembe. Vitamini husaidia kuni ziwake, zenyewe si kuni.

Mtu uliyemtaja tumkadirie kilokalori 2,000 kwa siku. Ni kadirio tu: mwanamume mrefu mwenye pilikapilika atahitaji zaidi, mwanamke mfupi pungufu. Msemakweli ni uzito wenyewe. Pima asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na ukipanda au kushuka wiki nne mfululizo bila kukusudia, gusa wanga na mafuta.

Kwa protini, WHO (Shirika la Afya Duniani) hutumia gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili. Kilo 60 ni gramu 50, yaani kilokalori 200. Mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati yote: kilokalori 600, gramu 67 hivi, na ndani yake yale yanayoganda (ya nyama, siagi, nazi, mawese) yasivuke gramu 22. Kinachobaki, kilokalori 1,200, ni wanga, gramu 300.

Sasa mezani. Namba ya kwanza ni gramu za protini, ya pili kilokalori:

- yai 1: 6, 70
- maharage yaliyopikwa, kikombe 1: 15, 225
- wali, vikombe 2: 8, 410
- maziwa yenye mafuta yake yote, kikombe 1: 8, 150
- mkate, vipande 2: 5, 160
- karanga, kiganja kimoja (gramu 30): 7, 170
- mafuta ya kupikia, vijiko vikubwa 2: 0, 240
- ndizi mbivu 1 na chungwa 1: 2, 165
- mboga, gramu 300: protini tuiache, 80

Protini imefika 51, nishati iko 1,670. Hakuna nyama wala samaki, na protini imetangulia kutimia. Kilichopungua ni nishati: ongeza kikombe kimoja cha wali (205) na kiazi kimoja cha kuchemsha (130), umefika 2,005. Ndiyo maana mtu mzima anayeshiba vyakula mchanganyiko ni nadra kukosa protini. Anayeikosa ni yule ambaye sahani yake nzima ni wanga wa aina moja, hasa mihogo, ambayo ina gramu 1 na ushee tu ya protini kwa kila gramu 100.

Hesabu za wengi huharibika kwenye mafuta. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 14 hivi, kilokalori 120, na watu hawapimi kwa kijiko, humimina kutoka kwenye chupa kwa kukisia. Mkono ukiteleza vijiko viwili umeongeza zaidi ya kikombe kizima cha wali, na sufuria haikuonyeshi tofauti yoyote.

Nyuzinyuzi lengo ni gramu 25 kwa siku. Maharage peke yake yameleta kama 12, kwa hiyo hapo huna kesi. Mboga na matunda jumla gramu 400, na umezipita.

Mlajani

Mizani, umeruka jambo. Protini ya maharage si kamili. Isipoambatana na nafaka kwenye mlo uleule inapotea bure.

Mizani

Nusu ya hilo ni kweli. Nafaka zina laisini kidogo, kunde zina methionini kidogo (zote mbili ni asidi amino, matofali ya protini), na kila moja huziba pengo la mwenzake. Ila si lazima zikutane kwenye sahani moja. Mwili una akiba ya asidi amino inayozunguka. Ukila mkate asubuhi na maharage usiku, hesabu inafungwa siku hiyohiyo. Asiyekula chochote cha mnyama namshauri apande kidogo, gramu 55 hadi 60, kwa kuwa protini ya mimea haimeng'enywi yote kama ya yai au maziwa.

Jungu_Kuu

Hesabu ya Mizani ni safi kwa nishati na protini. Ila swali la tatu la Kibaba halijajibiwa, na kwangu ndilo swali lenyewe.

Chukua orodha ileile uitafutie madini ya chuma. Kikombe cha maharage kina kama miligramu 4, mkate 2, karanga 1.4, yai karibu 1, wali 1 hivi, mboga za majani 2 hadi 3. Tuseme jumla ni 12. Mwanamume anahitaji 8 kwa siku, amevuka. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji 18, hajafika. Mjamzito anahitaji 27, ndiyo sababu hupewa vidonge badala ya kuambiwa tu aongeze mboga.

Na hizo 12 ni za kwenye sahani. Chuma cha mimea na mayai hufyonzwa kwa tabu, asilimia 2 hadi 20, kutegemea kimeandamana na nini. Cha nyama na samaki kina sehemu inayofyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35. Upande wa matumizi, mwanamume hupoteza kama miligramu 1 kwa siku. Mwanamke, ukiisambaza hedhi kwenye mwezi mzima, kama 1.5.

Piga sasa. Asilimia 5 ya 12 ni 0.6: mwanamume ana deni, mwanamke ana deni kubwa. Asilimia 12 ya 12 ni 1.44: mwanamume ana ziada, mwanamke amekaribia kulipa. Chakula ni kilekile, gramu ni zilezile. Kilichobadilika ni majirani wa kile chuma tumboni.

Majirani wabaya ni watatu. Wa kwanza ni fitati, iliyomo kwenye maganda ya nafaka, kunde na karanga. Hushika chuma na zinki kwa pamoja na kutoka navyo chooni. Wa pili ni polifenoli za chai na kahawa: kikombe cha chai kinywewe pamoja na mlo wa mimea, zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingefyonzwa kinaweza kupotea. Kuitia maziwa chai hiyo hakuitakasi. Wa tatu ni kalsiamu, yaani glasi ya maziwa juu ya maharage.

Majirani wema ni wawili: vitamini C, na kipande cha nyama au samaki, hata kidogo cha gramu 50. Vitamini C hukibadilisha chuma kikawa katika hali inayoyeyuka na kukizuia kisishikwe na fitati. Sharti ni moja: viwe tumboni kwa wakati mmoja. Chungwa lina miligramu 60 hadi 70 za vitamini C, nyingi za kutosha kuongeza ufyonzaji mara mbili au zaidi, lakini chungwa la saa nne asubuhi halina msaada wowote kwa maharage ya usiku. Lile pambo la nyanya mbichi au ndimu juu ya maharage lina kazi kuliko watu wanavyodhani.

Hapa ndipo panapozaliwa mvutano. Ukiacha mboga, orodha ile haifiki miligramu 700 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji 1,000. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300, kwa hiyo unahitaji kikombe cha pili, pengine cha tatu. Lakini ukiyashusha pamoja na maharage unabana chuma. Suluhisho ni ratiba: maziwa asubuhi na alasiri, maharage na chungwa mchana, chai angalau saa moja mbali na mlo wa maharage, mbili ni bora. Kwa mtu ambaye damu yake iko vizuri, athari ya kalsiamu kwa muda mrefu ni ndogo, kwa hiyo usigombane na maziwa. Yahamishe tu.

Mboga nazo si sawa. Spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini ina oksalati inayoishika, na inayofyonzwa ni kama asilimia 5 tu. Ya maziwa ni karibu asilimia 30. Mboga nyingi za ukoo wa kabichi, zile za majani ya kijani kibichi, hazina oksalati nyingi na kalsiamu yake hufyonzwa vizuri hata kuliko ya maziwa. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao wanaleta kalsiamu na chuma kwa mkupuo mmoja. Mimi ningewaweka kwenye orodha kabla ya nyama.

Mekoni

Naongezea upande wa sufuria, maana kuna uvujaji mwingine kabla hata chakula hakijafika kwenye sahani.

Maharage. Loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Mwaga maji hayo, suuza, pika kwa maji mapya. Maji ya kulowekea hutoka na sehemu ya fitati aliyoisema Jungu_Kuu, pamoja na zile sukari ambazo bakteria wa utumbo mpana huzigeuza gesi. Foleti (vitamini B9) kidogo hupotea humo. Hasara hiyo naikubali.

Kisha yachemke kwa nguvu, povu likipanda, dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana lektini ambayo ikibaki huleta kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Moto hafifu usiofikia kuchemka hauiui. Maharage yaliyopata joto nusu nusu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Anayetumia jiko la umeme la kupika polepole ayachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Yakigoma kuiva, mkono unakimbilia magadi au soda ya kupikia. Yanalainika kweli, kwa sababu magadi huvunja kile kinachoshikilia seli za maharage, lakini pia huua thiamini, yaani vitamini B1. Mara nyingi kosa liko kwingine: maharage ni ya zamani, au nyanya na ndimu zimetiwa mapema. Uchachu hukaza ganda. Tia vya uchachu maharage yakishaiva, na kama ni ya zamani tumia sufuria ya presha.

Mboga za majani. Osha zikiwa nzima, kata baadaye. Ukikata kisha ukaosha, vitamini C na foleti hutoka na maji kupitia sehemu zilizokatwa. Maji nusu kikombe yachemke kwanza, ndipo utie mboga, funika, dakika 3 hadi 5, basi. Ukianza na maji baridi, vimeng'enya vya mboga yenyewe vinapata muda wa kula vitamini C wakati joto linapanda. Maji yanayochemka huvizima mara moja. Spinachi ikichemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa hupoteza karibu nusu ya foleti. Ikipikwa kwa mvuke haipotezi kitu cha kutaja.

Mafuta kidogo kwenye mboga hayatiwi kwa ladha tu. Vitamini A, D, E na K husafiri ndani ya mafuta. Kijiko kidogo kimoja kwa mlo kinatosha kubeba beta-karotini (malighafi ya vitamini A) ya karoti au majani. Na karoti iliyopikwa hutoa beta-karotini kwa urahisi kuliko mbichi, kwa kuwa kuta za seli zimeshalainika. Mwili unahitaji mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kupata mikrogramu 1 ya vitamini A, ndiyo maana kipande kimoja cha karoti juu ya wali ni rangi tu.

Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kisichojaa, ikiwemo ile iliyomo ndani ya mkate na vya viwandani. Iwe ya madini joto. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, gramu zake 5 hutoa mikrogramu 150, kiasi kilekile anachohitaji mtu mzima, kwa hiyo huhitaji kuongeza chumvi ili upate iodini. Itie mwishoni mwa mapishi, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na unyevu na mvuke wa jiko.

Kibaba

Hapa sasa naanza kuelewa. Yamebaki manne madogo.

Lebo inasema "sodiamu 600 mg kwa gramu 100". Hiyo ni chumvi kiasi gani? Asali badala ya sukari inabadilisha lolote? Kwa nini mtu asimeze kidonge kimoja cha vitamini zote akaachana na ratiba za maziwa na machungwa? Na mtoto wa mwaka mmoja, anaweza kula sahani hiihii ikiwa imepunguzwa?

Mizani

Sodiamu zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 600 ni gramu 1.5. Ukila gramu 200 za hicho kitu umetumia gramu 3, zaidi ya nusu ya siku nzima. Angalia pia safu unayoisoma: lebo nyingi zina safu ya gramu 100 na nyingine ya kipimo cha mlaji, na kipimo hicho mara nyingi ni kidogo kuliko anachokula mtu halisi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Sukari huweza kutawanywa kwa majina matatu manne (glukosi, fruktosi, maltosi, sharubati ya mahindi) ili kila moja ishuke chini kwenye orodha. Zijumlishe kichwani.

Asali haibadilishi kitu. WHO inataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati, yaani gramu 50 kwa mtu wetu, na ikiwezekana ishuke chini ya 25, ambazo ni vijiko vidogo sita hivi. Humo imo sukari ya mezani, asali, na juisi hata ile uliyokamua mwenyewe. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima na kwenye maziwa haihesabiwi. Soda moja ya mililita 330 ina kama gramu 35, imeshalipita lengo hilo la chini peke yake.

Jungu_Kuu

Kidonge kina mahali pake, ila si pale unapotaka kukiweka. Hakina nyuzinyuzi, hakina protini, na kalsiamu ndani yake ni kidogo kwa sababu nyepesi: miligramu 1,000 haziwezi kuenea humo, kingekuwa kikubwa kisichomezeka.

Kuna hali mbili ambazo kidonge kinakishinda chakula bila ubishi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki (foleti ya kidonge) kila siku kabla ya mimba, kwa kuwa mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama wana mimba. Na asiyekula chochote cha mnyama anahitaji vitamini B12, mikrogramu 2.4 kwa siku. Hiyo haipo kwenye mimea. Ini hutunza akiba yake kwa miaka, ndiyo maana mtu anaacha vya wanyama, anajiona mzima, halafu miaka kadhaa baadaye ganzi inaanza miguuni. Akimeza foliki nyingi bila B12, damu inarudi sawa kwenye kipimo huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Hatari ziko mbili. Vitamini A ya aina ya retinoli (ile iliyo tayari, ya vyakula vya wanyama) ina kikomo cha mikrogramu 3,000 kwa siku, na gramu 100 za maini ya ng'ombe hupita hapo. Mjamzito akae mbali na maini na vidonge vya retinoli, kwani huweza kumdhuru mtoto tumboni. Beta-karotini ya mboga haina shida hiyo, mwili huibadilisha kwa kadiri unavyohitaji. Na chuma: mwili hauna njia ya kukitoa kikizidi. Pima damu kwanza. Vidonge vyake vikae mahali ambapo mtoto hafiki, kwa sababu dozi ya mtu mzima ikimezwa kwa wingi humuua mtoto.

Kimea

La mtoto nalichukua mimi. Usipunguze tu sahani ya mkubwa, kinachomkwamisha mtoto ni ujazo.

Tumbo lake hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo. Mtoto wa mwaka mmoja wa kilo 9 ni mililita 270, kikombe kimoja na kidogo. Pamoja na maziwa ya mama anahitaji kama kilokalori 550 kutoka kwenye chakula. Uji mwepesi wenye gramu 10 za unga kwa kila mililita 100 hutoa kama kilokalori 36 kwa mililita 100. Mpe mara nne, tumbo limejaa pomoni kila mara, jumla haifiki 400. Ameshiba na ana njaa.

Kwa hiyo uji uwe mzito, wa kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Tia kijiko kidogo cha mafuta (kilokalori 40) au karanga zilizosagwa ziwe laini kabisa. Nzima usimpe, zinakaba koo. Uzito ukimshinda kumeza, tumia unga wa kimea: uache uji mzito upoe kidogo, usiwe wa kuchemka, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, koroga. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua hukata wanga, na ndani ya dakika chache uji unalegea bila kuongezwa maji. Ukiutia ukiwa unatokota, vimeng'enya hufa na uji hubaki vilevile. Hapo ndipo wengi husema kimea hakifanyi kazi. Ukishalegea uchemshe tena, kwa kuwa nafaka iliyochipua hubeba vijidudu.

Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Na ile asali, chini ya mwaka mmoja ni marufuku kabisa, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto hauwezi kuzizuia.

Kibaba

Nimepanga hivi, nikosoeni. Asubuhi: mkate vipande 2, yai, maziwa kikombe. Saa nne: chai na karanga. Mchana: wali vikombe 2, maharage kikombe, mboga, chungwa. Alasiri: mtindi kikombe na ndizi. Usiku: wali kikombe, kiazi, mboga zilizobaki. Kabla ya kulala: maziwa kikombe. Mafuta vijiko vikubwa 2 kwa siku nzima. Na kiazi nimekiingiza kwenye zile gramu 400 za mboga na matunda.

Jungu_Kuu

Chai imekaa vizuri, iko mbali na maharage. Usiku ndio dhaifu, umejaa wanga. Gawa maharage, nusu kikombe mchana na nusu usiku, na chungwa nalo ligawe vilevile, nusu kila mlo. Maziwa ya kulala yasubiri saa moja na zaidi baada ya chakula.

Mizani

Umeongeza vikombe viwili vya maziwa na mtindi bila kutoa kitu: hizo ni kilokalori 300 juu, umefika 2,305. Toa kiazi (130), toa nusu kikombe cha wali wa mchana (100) na nusu kijiko kikubwa cha mafuta (60), utabaki na 2,015. Protini bado itazidi 65, kwa hiyo hupotezi kitu. Siku ukitaka kukirudisha kiazi, toa wali wa usiku. Hakiingii kwenye gramu 400. Hicho ni wanga, kikae upande wa wali.